Glasi Chafu za Kupeleka Dukani

Mpishi wangu mkuu, ambaye sote tunamwita Jenerali kwa jinsi anavyoyaamrisha masufuria, alinikuta jikoni nimejipaka rangi ya mdomo. Nyekundu, ya mke wangu. Nilikuwa nimesimama kwenye sinki nakunywa juisi funda moja kutoka kila glasi, naiweka kwenye kreti, nachukua nyingine. Jenerali alisimama mlangoni na gunia la vitunguu begani. Akanitazama mimi, akazitazama glasi, kisha akauliza kwa upole kama bosi anajisikia vizuri au amwite mtu.

Nikamwambia afunge mlango, nimweleze.

Kazi yetu ni kulisha shughuli: harusi, mikutano, misiba, popote watu wanapokusanyika wakahitaji kula na kunywa. Kwenye kazi hii mtu akitaka kununua mashine ya kuoshea glasi haendi dukani mikono mitupu. Akienda hivyo, muuzaji ataosha mbele yake kikombe kilichodondokewa na chai kidogo, kitoke kinameta, naye atarudi nyumbani na bati la kupigia kelele. Mwenye akili hubeba uchafu wake mwenyewe, uliokauka tangu jana: maziwa, juisi ya embe, mafuta ya vidole. Na katika uchafu wote wa glasi, hakuna mkaidi kama rangi ya mdomo. Sabuni inaipita tu, inaiacha palepale ukingoni inakucheka.

Kwanza nilijaribu kuipaka kwa kidole. Haikuwa sawa. Kidole kinapaka kama brashi ya rangi ya ukuta, lakini mdomo unabana, unaacha na mate na mafuta na alama za mikunjo. Ukitaka doa la kweli, lazima mtu anywe. Na ndani ya nyumba hakuwemo mwanamke wa kunywa.

Jenerali alisikiliza yote hayo bila kutikisa gunia. Halafu akasema, "Basi bosi, paka vizuri. Umeruka nje pale pembeni." Wiki nzima iliyofuata aliniita Bi Harusi.

Nilimwachia acheke. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu mke wangu aondoke, kwa sababu glasi zile nilikuwa nazichafua ili yeye aje kuziangalia.

Hakuondoka kwa ugomvi. Mama yake aliugua, akaenda kumuuguza kule kwao, mji mwingine. Uuguzi ukawa mrefu. Nilikuwa naenda kuwaona kila nikipata siku isiyo na shughuli, nabeba matunda, nakaa kidogo, narudi. Kisha mama akafariki. Tukamzika, mimi nikawahi kurudi kwa sababu kulikuwa na harusi iliyokwishalipiwa, yeye akasema atabaki kidogo mpaka mambo yatulie. Waombolezaji wakatawanyika, kila mtu akarudi kwenye maisha yake. Mambo yalitulia. Yeye hakurudi.

Nikipiga simu, shemeji yangu, mdogo wake anayekaa naye pale nyumbani kwa marehemu, ananiambia dada amelala, dada yuko bustanini, dada ametoka. Watu wakiniuliza nilikuwa najibu kwamba bado ana mambo ya msiba. Na waliuliza sana, maana wateja walimjua yeye kuliko mimi. Walimwita Mama Glasi.

Sahani kwetu huoshwa na kina mama tunaowaita siku za shughuli. Glasi hakumwachia mtu. Alikuwa na beseni la maji ya moto na sabuni, beseni la kusuuzia, na la mwisho lenye maji ya moto na tone la siki. Alizikausha moja moja kwa kitambaa kisichotoa manyoya, akaiinua kila moja kwenye taa na kufumba jicho moja. Isipomridhisha, inarudi mwanzo. Mikono yake ilikuwa imechakaa kama ya mtu anayechimba, na kwenye kiganja alikuwa na kovu la siku glasi ilipokatika shina ndani ya kitambaa.

Jumamosi moja, kabla mama yake hajaugua, tulikuwa nyuma ya ukumbi, muziki unatikisa kuta, watu wanampigia makofi bibi harusi. Akaniambia bila kuinua kichwa, "Nimekwenda harusi za mji mzima, na sijawahi kukaa kwenye kiti."

Nilicheka, nikadhani ni mzaha. Alipokawia kwao, nikaanza kuligeuza lile neno usiku na mchana, na mwisho nikaona nimelielewa. Mke wangu alikuwa amechoshwa na mabeseni. Dawa yake ipo dukani, inatumia umeme. Nikajifunza kama nilivyojifunza mambo yangu yote, kwa kuuliza na kuzunguka madukani, nikaamua: nanunua mashine kubwa, anarudi, anakaa kwenye kiti, mashine inaosha.

Nikampigia shemeji nikamwambia safari hii ampe simu hata kama amelala. Mke wangu alipokuja kwenye simu nilisema maneno niliyokuwa nimeyapanga: nanunua mashine, lakini bila jicho lake nitauziwa mbuzi kwenye gunia, naomba aje tuchague. Nilisikia kuku wakilia kwao.

"Lini?" akauliza.

Nilikaa chini palepale, juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Tukakubaliana Jumanne. Jumatatu nilinyoa nywele, nikapiga pasi shati, nikabadilisha mashuka, nikafagia chini ya kitanda ambako sikuwahi kufagia maishani. Jenerali nikamwagiza siku hiyo apike chakula cha watu wawili, cha heshima, asituletee makombo ya mkutano. Akajibu kwamba yeye hajawahi kumpikia Mama Glasi makombo, labda mimi.

Nilipofika dukani na kreti langu nilimkuta amekwishafika, amesimama kivulini. Alikuwa na mkoba mdogo tu wa mkononi. Nililiona hilo, nikajiambia mizigo huja baadaye. Alikuwa amenenepa kidogo, uso umetulia. Nikamwangalia mikono. Ilikuwa laini, na alikuwa na kucha. Miaka yote tuliyoishi pamoja sikuwahi kumwona na kucha.

"Umekonda, mzee," akasema. "Jenerali hakulishi?"

Nikamwambia Jenerali analisha watu wote isipokuwa anayemlipa. Akatabasamu. Tukaingia.

Lilikuwa duka la vyombo vya jikoni kubwa, sakafu ya vigae, majiko na mafriji yamepangwa kama wageni wasiojuana. Muuzaji alikuwa mtu mnene mwenye tai iliyoishia juu ya tumbo, mcheshi, na alipoona kreti la glasi chafu alifurahi kwa dhati, akasema leo amepata wanunuzi, si watalii. Kule nyuma alikuwa na mashine mbili zilizounganishwa na maji na umeme kwa ajili ya majaribio.

Mke wangu alifungua kreti, akatoa glasi ya kwanza, akaipeleka kwenye mwanga wa dirisha. Akatazama ukingo wake muda mrefu.

"Hii rangi ni yangu."

Nikasema ndiyo, ulikiacha kijiti chako kwenye mtoto wa meza.

"Na nani alikuwa anakunywa?"

Nilijaribu kutafuta jibu la kiume, nikalikosa. Nikamwambia ni mimi. Nikamweleza habari ya kidole na mdomo, na jinsi Jenerali alivyonifuma. Alianza kucheka polepole, kisha akashindwa kusimama, akakaa juu ya sanduku la friji na machozi yakamtoka, glasi bado iko mkononi. Muuzaji naye alicheka mpaka tai ikapanda. Akasema katika miaka yake yote ya kuuza mashine hajaona mume aliyejiandaa kwa majaribio kiasi hicho. Nami nilikuwa nacheka, na moyoni nasema, huyu amerudi. Mtu hacheki hivi na mtu anayemwacha.

Tukaanza majaribio.

Mashine ya kwanza ilikuwa ndogo. Inakaa chini ya meza ya jikoni, ina mlango mbele kama wa oveni, unaingiza kikapu kimoja cha glasi, unafunga, unabonyeza. Ya pili ilikuwa ile niliyoitaka. Hiyo inasimama wima, na ina kofia kubwa ya chuma unayoishusha kwa mpini kuifunika kazi yote. Inakula sahani, vikombe, glasi, trei, kila kitu. Inawekwa katikati ya meza mbili. Mtu mmoja anasimama upande wa uchafu, anapanga kikapu, anakisukuma ndani, anashusha kofia. Mwingine anasimama upande wa pili, anakivuta kikapu kikitoka safi.

Nilikuwa nimekwishaichora akilini. Nikasimama upande wa uchafu, nikamwomba asimame upande ule. Akaenda. Nikasukuma kikapu, muuzaji akashusha kofia, maji yakanguruma ndani. Kofia ilipopanda mvuke ulitufunika, na ulipopungua nikamwona mke wangu ameshika kikapu kwa kitambaa, uso umelowa kidogo, ananitazama katikati ya chuma. Wakati ule sikuwa na jingine la kumwomba Mungu.

Alizikagua glasi. Alizinusa, akazijaza maji na kuyamwaga aone kama yanateleza au yanaganda matone matone. Zilikuwa nzuri, ila moja ilibaki na kivuli cha wekundu. Za mashine ndogo zilitoka zote safi, maana ile, muuzaji alisema, imetengenezwa kwa glasi tu, inapiga maji kwa upole lakini mahali panapotakiwa. Nikasema wekundu ule mdogo si kitu, tutaongeza sabuni.

Mke wangu akamuuliza muuzaji ile kubwa inaendeshwa na watu wangapi. Muuzaji alijibu kwa ukweli wake kwamba mmoja anaweza, ila atazunguka kama punda wa kinu, na siku ya shughuli atachoka kabla ya wageni. Ni ya wawili.

Akaiacha, akaenda kwenye ndogo. Akapiga magoti, akavuta kikapu kilichojaa, akakiinua, akakirudisha. Akanigeukia.

"Inua."

Nikainua.

"Mgongo?"

Nikasema hauumi. Mgongo wangu umeharibika tangu nilipokuwa kibarua wa kubeba saruji, na yeye ndiye aliyekuwa akiukanda. Akaniagiza nikiinue tena, safari hii nikizunguka nacho mpaka mezani. Akamuuliza muuzaji kuhusu maji ya kwetu, yenye chumvi, yanayoacha ukungu mweupe kwenye glasi. Muuzaji akatuonyesha kifaa cha kuondolea chumvi hiyo, ambacho chenyewe hutiwa chumvi yake maalumu ili kifanye kazi. Akauliza kichujio cha chini kinasafishwaje, na alipoonyeshwa akaniambia nikitoe mimi. Nikakitoa. Akaniambia nikirudishe, nikakirudisha upande usio wake, akanionyesha, nikarudia mpaka nikakipatia bila kuelekezwa. Nilikuwa nacheka na kutania kwamba mimi ni mwanafunzi mzee, nilitoroka shule nikiwa na kaptula, sasa ndiyo narudi. Yeye hakuwa anacheka tena.

Akamwambia muuzaji, "Hii."

Nikasema hii ni ndogo. Siku ya harusi kubwa itatuua. Na sahani je? Akanijibu kwamba sahani waendelee kuosha wale kina mama, wana watoto wa kulisha, nisiwanyang'anye kazi kwa ajili ya chuma. Nikarudia kwamba ile kubwa ndiyo ya maana.

"Ile inataka watu wawili."

"Sisi si wawili?"

Muuzaji alikumbuka kwamba ana jambo ofisini. Alikwenda haraka kuliko nilivyodhani mwili ule unaweza.

Mke wangu alifuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Kisha akasema bila kupandisha wala kushusha sauti, "Sirudi, mzee wangu. Nimekuja ili usije ukanunua mashine ya watu wawili."

Nilimwambia mambo mengi. Nilimwambia hataosha tena hata kijiko. Nilimwambia habari ya kiti, kwamba nilimsikia siku ile nyuma ya ukumbi na nimeelewa, atakaa kwenye kiti, atavaa vizuri, ataingia kwa mlango wa mbele kama wageni wengine. Alisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Najua ungefanya yote hayo," akasema. "Si glasi, wala si wewe. Nilipokuwa namuuguza mama nilijiambia akipona narudi. Alipofariki nikajiambia msiba ukiisha narudi. Nikawa nasubiri hamu ya kurudi inijie. Kila asubuhi naamka najipapasa kama mtu aliyekuwa na homa, naangalia kama imekuja. Haikuja."

Mimi si mtu wa kuzunguka. Nikamuuliza kama kuna mwanamume.

"Angekuwepo ningekueleza kwa urahisi," akasema. "Ningemwonyesha kwa kidole, ukamchukia, ukapumzika. Hakuna mtu. Niko mwenyewe na nimetosheka, na nakukumbuka. Nakukumbuka kwa wema. Lakini kama mtu anavyomkumbuka jirani aliyeishi naye vizuri."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Kwa deni la maneno la miaka yote, kwa makosa yangu moja baada ya jingine, nijibu hili, niombe radhi kwa lile. Ugomvi una mahali pa kushika. Hili halikuwa na mpini. Niliweka mkono juu ya ile kofia ya chuma, bado ilikuwa ya moto, nikauacha hapo mpaka yeye akaja akautoa.

Muuzaji alirudi na maji ya kunywa ambayo hakuna aliyeyaomba. Akasema akiwa amesimama pembeni, akiitazama tai yake, kwamba fundi atakuja kuifunga na atawafundisha watumiaji, na angependa kujua fundi ajiandae kwa watu wangapi.

"Mmoja," nikasema.

Tulizipanga glasi kwenye kreti pamoja, tukizifunga kwenye magazeti, kama tulivyofanya baada ya kila shughuli. Mikono yetu ilijua kazi, haikugongana hata mara moja. Nje nilimwambia kuna chakula nyumbani. Alisema basi la mchana litamwacha. Akanishika bega, akaniambia nisibebe kreti upande mmoja, mgongo. Kisha akavuka barabara, na nikaona anavyotembea, hana haraka, kama mtu aliyekwenda dukani kununua sindano na sasa anarudi kwake.

Jikoni Jenerali alikuwa ameandaa meza. Alikuwa ametandika hadi kitambaa cha maua cha shughuli za wakubwa. Aliniona naingia na kreti peke yangu, akatazama nyuma yangu mlangoni, akasubiri kidogo. Halafu akaondoa sahani moja, akairudisha kabatini. Akaketi kwenye kile kiti cha pili akala na mimi, yeye ambaye huwa anakula amesimama.

Mashine ilikuja, fundi akaifunga. Lazima niseme ukweli, ni mashine nzuri. Haisumbui. Kikapu chake nakiinua bila maumivu, na kichujio nakitoa na kukirudisha nikiwa gizani. Baada ya harusi ya kwanza niliosha glasi zote mwenyewe, nikazitoa zikiwa za moto, nikainua moja kwenye taa na kufumba jicho kama yeye. Hapakuwa na kitu. Nikainua ya pili na ya tatu. Nilikuwa natafuta doa, nipate la kumwambia.

Nilimpigia kesho yake. Safari hii alipokea mwenyewe. Nikamwambia mashine imekaa vizuri. Akauliza glasi zinatokaje, nikasema safi. Akauliza kama naacha mlango wazi usiku ili isinuke, nikasema naacha. Chumvi ya kile kifaa nimeweka? Nimeweka. Mgongo? Uko salama. Tuliongea hivyo, vizuri, kama watu wanaofanya kazi moja, mpaka ya mashine yakaisha. Nikasikia anavuta pumzi, ile ya mtu anayejiandaa kuaga.

Nikamuuliza glasi safi zikiwekwa kabatini zinakaa mdomo juu au mdomo chini.

Nimezipanga glasi maisha yangu yote ya kazi. Hata kibarua wa siku moja analijua hilo. Nikaibana simu sikioni. Kisha akaanza kunieleza tangu mwanzo, polepole, kama anayemweleza mtu mgeni kabisa kwenye kazi: kwanza ufute rafu, uhakikishe ni kavu, halafu utandike kitambaa safi, kisichotoa manyoya.

Sikumkatisha.